Pawatila ya zamani: unachoweza kutengeneza mwenyewe, na usichotakiwa kubahatisha

Msimu unakaribia na simu zimeanza. Nyingi zinauliza kitu kimoja: "Bwana shamba, ile pawatila yetu imelala tangu juzi, tuiuze chuma chakavu?"

Jibu langu huwa ni ngoja kwanza niione.

Pawatila nyingi zilizopo huku kwetu Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema ziliingia miaka ile ya Kilimo Kwanza, kuanzia 2009. Kwa hiyo zina umri. Karatasi zake zimepotea, kitabu chake kimeliwa na panya, na aliyefundishwa kuiendesha siku ya kwanza ameshahamia mjini. Mwaka jana nilienda kwa mzee mmoja nikaikuta ya kwake iko chini ya mwembe, kuku anatagia kwenye trela. Akaniambia, "Hiyo imekufa injini." Tukapiga hendeli mara nne, injini ikawaka! Kilichokufa ni sili ya ekseli na mikanda miwili. Misimu mitatu mzee alikuwa anakodi trekta la jirani kwa sababu ya raba unayoweza kuificha kwenye kiganja.

Leo nataka tuelewane hapo. Mashine hizi haziuawi na ubovu mkubwa, zinauawa na vitu vidogo vilivyoachwa. Vingi kati ya hivyo unaweza kuvitengeneza wewe na fundi wako wa kuchomelea. Vichache usivibahatishe kabisa, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, ijue injini yako

Pawatila nyingi za Kichina zinatumia injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, jamii ya S195 au ZS1100. Namba hizo zina maana: 95 au 100 ni upana wa silinda kwa milimita. Kwa nini nakwambia? Kwa sababu injini hizohizo ndizo zinazosaga mahindi kwenye mashine za vijijini. Ukikosa spea kwenye duka la pembejeo, nenda kwenye maduka ya spea za mashine za kusaga mjini Mwanza ukiwa na ile namba ya kwenye kibati. Usiende na maneno "nataka ringi za pawatila", utauziwa chochote.

Sili ya ekseli: muuaji wa kimyakimya

Kwenye majaruba pawatila inafanya kazi ndani ya maji na tope. Sili ikichoka, oili inatoka na maji yanaingia. Fungua kifuniko cha oili ya giaboksi uangalie rangi. Ukikuta imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Usilime hata jaruba moja zaidi, kwa sababu beringi na gia zinaanza kula kutu leo hiihii.

Fanya hivi:

1. Mwaga oili yote chafu kwenye ndoo. Usiimwage mtaroni.
2. Weka dizeli kidogo, inua magurudumu, yazungushe kwa mkono, kisha imwage nayo. Rudia mpaka itoke safi.
3. Toa sili ya zamani bila kuikwaruza shafti.
4. Soma namba zilizopigwa kwenye sili. Ukiona 35-52-10, maana yake tundu la ndani ni milimita 35, upana wa nje 52 na unene 10. Kwa namba hizo tatu unaweza kupata sili inayoingia kwenye duka lolote la spea za magari au pikipiki, hata kama muuzaji hajawahi kuiona pawatila.
5. Paka grisi kwenye mdomo wa sili, iingize taratibu ikiwa imenyooka, mdomo wenye springi ukiangalia upande wa oili.

Kuna jambo wengi hawaliangalii. Sili ya zamani inaweza kuwa imechonga kamfereji kwenye shafti. Ukiweka mpya palepale, itavuja tena wiki ijayo na utasema umeuziwa feki. Ipenyeze zaidi kidogo au kidogo pungufu, ilimradi mdomo wake ukae mahali pazuri. Kama mfereji ni mkubwa, mpelekee fundi wa kukereza aivalishe shafti bushi.

Mikanda

Mikanda inabadilishwa yote kwa pamoja. Ukiweka mmoja mpya na mmoja uliolegea, ule mpya ndio utakaobeba mzigo wote na utakatika mapema. Ukishafunga, bonyeza katikati kwa kidole gumba. Ukizama kama upana wa kidole hicho, inatosha. Ukikaza kama waya wa gitaa utaua beringi. Kamba ya kuanikia nguo ikinyooshwa kutoka puli moja hadi nyingine itakuonyesha kama puli zimekaa mstari mmoja. Na asikudanganye mtu upake sabuni au lami mkanda usiteleze. Mkanda unaoteleza umelegea, umechakaa au umelowa oili. Tibu hicho.

Visu vya rotaveta kutoka kwenye springi ya gari

Hapa ndipo mafundi wetu wanaponifurahisha. Springi chakavu ya gari ni chuma kizuri sana cha visu. Tatizo ni namna ya kukikaza. Nimeona visu vizuri vinachomwa moto, vinatumbukizwa kwenye maji, siku ya kwanza vinakutana na jiwe na kuvunjika kama biskuti.

Njia yake ni hii. Chukua kisu kimoja cha zamani ambacho hakijaisha, kiwe kielelezo. Kata, kunja na toboa tundu la bolti kabla ya kukaza, maana baadaye haitatoboka. Kisha choma mpaka chuma kiwe chekundu na sumaku isikishike tena. Sumaku ya spika iliyoharibika inatosha kwa kipimo hicho. Kikifika hapo, kizamishe kwenye oili chakavu ya injini, siyo maji. Kikipoa, kisugue kipande king'ae, kisha kipashe moto taratibu mpaka pale paliposuguliwa pageuke rangi ya buluu, halafu kiache kipoe chenyewe. Kupasha huko kwa mara ya pili ndiko kunakoondoa uvunjifu. Na unapozamisha, simama pembeni, maana oili inaweza kuwaka. Weka ndoo ya mchanga karibu, usizime kwa maji.

Kumbuka nusu ya visu vinakunja kushoto na nusu kulia. Kabla hujafungua vya zamani, piga picha kwa simu. Ukivichanganya, mashine itakuvuta upande mmoja na kutetemeka mpaka mikono ife ganzi. Bolti zake ziwe na namba 8.8 kichwani. Usiweke kipande cha nondo.

Magurudumu ya chuma

Matairi ya mpira yanateleza kwenye tope la mbuga. Magurudumu ya chuma unaweza kutengenezewa na fundi yeyote makini: ringi mbili za nondo nene au flati ba, katikati sahani yenye tundu linalofanana na la rimu yako, na vipande vya engo vilivyolazwa mshazari kuzunguka. Mambo mawili tu. Yawe sawa kabisa kwa kimo, la sivyo utazunguka kama jongoo. Na yasiwe mapana kupita kiasi, maana kila sentimita unayoongeza nje inazidisha mzigo kwenye ekseli na ile sili uliyoibadilisha juzi. Barabarani yavue.

Na tusiibebeshe pawatila lawama isiyo yake. Ardhi yetu ya itogolo ikikauka ni kama saruji. Rotaveta inarukaruka juu yake, visu vinaisha, mkulima anasema mashine haina nguvu. Wakulima wanaofanikiwa wanasubiri mvua ilainishe, au wanapitisha plau ya ng'ombe kwanza, kisha pawatila inakuja kuvuruga na kusawazisha jaruba likiwa na maji. Ng'ombe na pawatila siyo wapinzani.

Pampu kwa wenzetu wa mwambao

Kwa wanaolima nyanya, kabichi na vitunguu kando ya ziwa, injini hiyohiyo inaweza kuendesha pampu kwa mkanda. Hesabu ya puli ni rahisi: mzunguko wa injini zidisha kwa upana wa puli ya injini, gawanya kwa upana wa puli ya pampu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ukaweka puli ya sentimita 15 kwenye injini na ya 10 kwenye pampu, pampu inazunguka mara 3,000. Linganisha na namba iliyoandikwa kwenye pampu yako, usiizidishe. Angalia pia mshale wa uelekeo. Ukiigeuza pampu, itazunguka kinyume na maji hayatafika.

Pampu ikae chini karibu na usawa wa maji. Kuvuta maji kutoka chini zaidi ya mita sita hivi ni kupoteza dizeli. Mdomo wa mpira wa kuvutia uuvalishe kapu lililozungushiwa nyavu chakavu ya dagaa, utazuia magugumaji kwa gharama ya sifuri.

Lakini sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kuchota maji kwa pampu kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Mashine inayovuja oili usiisogeze ukingoni. Maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Trela: hapa naomba usome polepole

Trela ndiyo inayoingizia pawatila pesa wakati wa kiangazi: matofali, mchanga, magunia ya mpunga. Mafundi wanaitengeneza kwa ekseli ya pikapu iliyokufa na mbao. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni trela isiyo na breki, na pini ya kuunganishia iliyokatwa kwenye nondo. Hivyo viwili usivibahatishe. Pini iwe ya chuma kigumu chenye kizuizi chini isichomoke, na trela iwe na breki ya mguu inayoshika magurudumu yote mawili.

Kuna na la tatu, na hili ni kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha kijana mmoja wa kikundi kuendesha. Tulijifunzia shambani, pametulia, tambarare. Nikamwambia: ukitaka kwenda kushoto, bonyeza kishikio cha kushoto, kulia, cha kulia. Alielewa haraka, nikamsifu. Wiki mbili baadaye alikuwa anashuka mlima na trela la mchanga. Unazijua barabara zetu, mwamba huku na korongo kule. Akataka kukwepa korongo lililokuwa kulia, akabonyeza kushoto kama nilivyomfundisha. Mashine ikageuka kulia.

Tambarare, ukibonyeza kishikio cha kushoto unakata nguvu ya gurudumu la kushoto, la kulia linasukuma, unakwenda kushoto. Kwenye mteremko mambo yanageuka. Mzigo ndio unaosukuma, na injini ndiyo inayozuia. Ukikata gurudumu la kushoto, hilo linakimbia huru wakati la kulia bado linazuiwa na injini. Kwa hiyo unageuka kulia.

Aliruka, mguu ukavunjika sehemu mbili. Nilipomtembelea wodini aliniambia kwa upole kabisa, "Bwana shamba, mbona nilibonyeza kushoto?" Sikuwa na jibu zaidi ya kusema sikumwambia. Nilikuwa nalijua jambo lile. Niliona tu kwamba somo la siku ile limetosha.

Tangu hapo simwachii mtu mashine kabla hatujashuka naye kilima bila mzigo. Kwenye mteremko ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, usikanyage klachi, usiweke gia huru, na usiguse vile vishikio. Geuza kwa kusukuma mikono ya mashine yenyewe, taratibu. Mteremko ukiwa mkali, punguza mzigo, rudi mara mbili.

Kabla ya mvua za kwanza

Toa jumamosi moja. Angalia rangi ya oili ya giaboksi. Safisha filta ya hewa na ubadilishe oili yake, hasa kama mashine imekaa karibu na pumba. Bonyeza mikanda. Hesabu visu na kaza bolti zote. Rudisha kile kifuniko cha mikanda ulichokivua ukakitupa nyuma ya nyumba, maana mkanda haujui kidole na kitenge. Vuta pini ya trela uitazame.

Yule mzee wa mwembe alilima majaruba yake yote msimu uliopita, akawalimia na majirani wawili. Kuku tulimhamishia kwenye tenga. Kama na yako imelala, usiiite marehemu kabla hujaifungua. Na kama una kijana unayetaka kumkabidhi, mpeleke kwanza kwenye kilima.

Tuonane shambani.