"Sina makosa": wimbo tunaouimba baada ya kuachana



Wiki iliyopita nilipanda basi kutoka Mbinga kurudi Songea. Tulipokaribia njia panda ya Peramiho, dereva akachomeka flashi yake ya nyimbo za zamani, na magitaa ya "Sina Makosa" yakaanza kulia. Nusu ya abiria wakawa wanatikisa vichwa. Kijana aliyekaa pembeni yangu, ambaye wimbo ule ulitoka kabla hajazaliwa, aliufuatisha mwanzo hadi mwisho. Mimi niligeukia dirishani, maana jina la wimbo lilikuwa limenichoma.

Usishangae kuona muziki wa dansi kwenye safu ya Jumapili. Nyuma ya wimbo ule kuna habari ambayo kila mtu wa kanisa ataitambua.

Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walianzia muziki kwenye Jamhuri Jazz Band. Baadaye walikwenda Arusha, kisha Mombasa mwaka 1971, na hatimaye Nairobi, ambako bendi yao ya Simba Wanyika ilipata sifa kubwa. Mwaka 1978 bendi ikapasuka. Waliotoka hawakuwa watu wa pembeni. Alitoka Omar Shabani aliyepiga gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drams. Yaani nyumba iling'olewa nguzo. Waliotoka wakaunda Les Wanyika, wakaungana na mwimbaji John Ngereza, na muda si mrefu wakatoa "Sina Makosa", wimbo uliovuma Afrika Mashariki yote.

Haikuishia hapo. Mwimbaji Issa Juma naye alitoka Les Wanyika, akaanzisha Super Wanyika Stars. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ya London ilikusanya nyimbo za kundi hilo za mwaka 1982 hadi 1986 na kuzitoa upya, na wasikilizaji wa mbali wakaanza kuzifahamu.

Wimbo wenyewe ni wa mapenzi. Haukutungwa kuhusu ugomvi wa bendi. Lakini hebu fikiri: watu wametoka kuachana na wenzao, na wimbo unaowapa jina unaitwa "Sina Makosa". Mpendwa, ni nani kati yetu hajawahi kuuimba? Ndoa ikivunjika, huku wanasema sina makosa na kule wanasema sina makosa. Jumuiya ikigawanyika, ni hivyo hivyo. Hata kwaya.

Naijua habari ya kwaya kwa sababu nilikuwamo. Miaka mingi iliyopita kwaya yetu hapa Songea ilirekodi kanda, tukawa tunaiuza nje ya kanisa baada ya Misa. Siku moja fedha za mauzo hazikulingana na daftari. Macho yote yakamgeukia mwalimu wa kwaya. Mimi nilikuwa katibu. Barua ya kumtaka ajieleze niliisoma mimi, mbele ya wanakwaya wote, na sikuwa nimemwendea hata mara moja nyumbani kumuuliza. Aliinuka kimya, akachukua daftari lake la nyimbo, akatoka. Jumapili iliyofuata watu kumi na mmoja hawakuonekana. Wakaanzisha kwaya yao kigangoni, ikakua na ikapendwa. Na yetu pia iliendelea.

Miaka yote hiyo, aliyeniuliza nilimjibu, "Mimi nilitimiza kazi ya ukatibu." Ni "sina makosa" kwa maneno mengine.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15, kinatueleza kwamba hata Paulo na Barnaba walifika hapo. Barnaba alitaka wamchukue Marko safarini. Paulo akakataa, kwa kuwa kijana huyo aliwahi kuwaacha njiani kule Pamfilia. Mabishano yakawa makali hadi wakatengana. Barnaba akaenda Kipro na Marko, Paulo akaenda Shamu na Kilikia pamoja na Sila. Luka hakuficha jambo hilo, wala hakutuambia nani alikuwa na haki.

Wahubiri wengi hupenda kuishia hapo na kusema, "Tazameni, safari moja ikawa mbili, Injili ikaenea!" Ni kweli. Kutoka kwa bendi moja tulipata bendi tatu, na kutoka kwa kwaya moja tulipata mbili. Mungu anaweza kuotesha mche hata kwenye kisiki. Ila tuwe waangalifu. Matunda yanaonesha wema wa Mungu. Hayathibitishi kwamba mimi sikukosea. Kwaya ya kigangoni kufanikiwa hakuisafishi barua niliyoisoma, na kwaya yetu kuendelea hakuisafishi pia.

Kwa hiyo soma hadi mwisho. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, Paulo yuko kifungoni na anajua siku zake zimekaribia. Anamwomba Timotheo amlete Marko, kwani anamfaa katika utumishi. Marko yule yule! Paulo hakuandika utetezi kuhusu ugomvi wa zamani. Alimwita mtu aje.

Pasaka iliyopita, kijana mmoja aliihamishia kanda yetu ya zamani kwenye simu na kuwatumia wanakwaya wa pande zote mbili. Niliisikiliza usiku peke yangu. Mwalimu yule anaimba juu, sauti yangu ya besi iko chini yake, na kila anapopanda nipo pale kumshikilia. Nilikuwa nimesahau kwamba tuliwahi kuimba hivyo. Niliizima simu, nikaendelea kunyamaza kwa majuma kadhaa.

Ndipo likaja lile basi. Nikiwa dirishani nikakumbuka kitu kingine kuhusu bendi zile: Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Wanyika Stars. Waliachana, lakini jina la Wanyika hawakuliacha. Nasi tuliachana, lakini wale wa kigangoni wanaimba kwa namna ile ile tuliyofundishwa sote na mtu mmoja, na wote tunajiita Wakristo.

Niliposhuka stendi sikwenda nyumbani. Nilichukua bajaji hadi Lizaboni. Mwalimu alikuwa uani akichambua maharage na mjukuu wake. Nikamwambia, "Mwalimu, barua ile sikupaswa kuisoma mbele za watu kabla ya kuja kwako. Nilikosea. Nisamehe." Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kaa kwanza. Na mimi niliondoka na watu wa watu bila kuaga." Akamtuma mjukuu alete kikombe cha pili cha chai.

Fedha za kanda hatukuzizungumza, na huenda hatutajua kamwe zilikwenda wapi. Kwaya zimebaki mbili. Lakini jioni ile hakuna aliyesema "sina makosa", na chai ilikuwa tamu.

Mpendwa msomaji, leo ukiwa kanisani Yesu anakukumbusha katika Mathayo sura ya 5 kwamba, ukileta sadaka na ukakumbuka ndugu ana neno juu yako, upatanisho unatangulia. Hasemi usubiri hadi ijulikane nani ana haki. Una mtu wa Lizaboni yako? Nenda leo, kabla ya giza, na usiende na utetezi. Nenda na sehemu yako ya kosa, hata kama ni ndogo.

Jumapili njema, na Mungu akubariki.