Michezo ya Kuigiza na Mashauri ya Mji

Leo nataka kuwaelezeni habari za kundi la michezo ya kuigiza lisilotafuta faida: ni kitu gani, lafanya kazi namna gani, na kwa nini mji mdogo kama Buseresere wapaswa kulifikiri. Watu wengi husema ya kuwa michezo ni upuuzi wa vijana, au ni anasa ya miji mikubwa. Lakini yako mambo ambayo watu hawawezi kuyasema barazani, wala nyumbani mbele ya wazee, na neno lisilosemwa halipati dawa. Mchezo wa kuigiza ni njia ya kulisema neno kama hilo bila kumwaibisha mtu.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa jambo hili si geni kwetu. Katika Usukuma vyama vya ngoma vilikuwapo tangu karne ya 19. Viwili vilivyo mashuhuri ni Bagalu na Bagika, ambavyo asili yake ni waganga wawili walioshindana, Gumha na Ngika. Desturi ya mashindano yao ni hii: mavuno yakiisha, makundi ya pande mbili hucheza wakati mmoja karibu karibu, na watazamaji wana hiari kwenda huku au kule. Kundi livutalo watu wengi zaidi ndilo lishindalo. Liangalieni vema jambo hili. Hakimu hapo ni watu wenyewe, nao hutoa hukumu yao kwa miguu. Basi tangu zamani mtazamaji wa kwetu hakuwa mgeni aliyealikwa kukaa kimya. Alikuwa na sehemu yake katika mchezo.

Sasa twende pwani. Bagamoyo ni mji mdogo ulio kando ya Bahari ya Hindi, ukielekeana na Unguja. Mwaka 1981 palianzishwa huko Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana hujifunza ngoma, muziki, maigizo na uchoraji. Pia hufanyika tamasha ambalo huwakusanya wenyeji na wageni. Walimu wa chuo hicho nao waliunda kundi lao la michezo, lililoitwa Bagamoyo Players. Hiyo ni neema kwa mji ule. Lakini chuo kile ni cha Serikali, na si kila mji uwezao kupata chuo. Je, mji usio na chuo ufanyeje?

Jibu la swali hili lilitafutwa karibu nasi. Malya ni mji mdogo katika wilaya ya Kwimba, kwenye njia ya gari la moshi iendayo Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao ni Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi huko pamoja na wenyeji. Hawakuleta mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliwauliza watu wa Malya shida zao, nao wakayataja mambo yanayowasumbua, na miongoni mwake ilikuwamo habari ya wasichana wa shule kupata mimba. Kisha mambo hayo yalitungiwa michezo, kwa ngoma na nyimbo ambazo watu walizijua tayari.

Kazi ya namna hii ina hatua zake, nazo ni tano. Ya kwanza ni kutembea na kusikiliza: sokoni, kisimani, machimboni, shuleni. Ya pili ni kuchagua jambo moja na kutafuta asili yake. Ya tatu ni kutunga, na wanaotunga ni wenyeji. Ya nne ni kucheza hadharani. Ya tano, ambayo ndiyo kuu, ni mazungumzo baada ya mchezo. Kundi lisilofikia hatua ya tano limewafurahisha watu tu, kisha likawaacha kama lilivyowakuta.

Natoa mfano wa kubuni ili maneno haya yaeleweke. Msichana wa darasa la saba hutembea mwendo mrefu kwenda shule. Mchimbaji mmoja aliyepata dhahabu humpa nauli, kisha simu, kisha mimba. Mchezo husimamishwa hapo, na kiongozi huwauliza watazamaji: "Kosa ni la nani?" Mzee mmoja atasema ni la binti. Mama mmoja atajibu ya kuwa baba alikuwa na fedha za pombe, wala hakuwa na fedha za nauli. Kijana atauliza kwa nini hakuna bweni. Mwalimu naye ataulizwa kwa nini aliona mabadiliko akanyamaza. Hapo jambo lililokuwa aibu ya nyumba moja limekuwa shauri la mji mzima, wala hakuna aliyetajwa jina.

Wala si jambo dogo. Kwa miaka mingi katika nchi yetu msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na safari yake ya elimu ilikoma hapo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza ya kuwa wasichana hao wana ruhusa kurudi shuleni. Lakini tangazo peke yake halimrudishi mtoto darasani, ikiwa baba yake angali aona haya na majirani wamcheka. Sheria hufungua mlango. Kumshika mtoto mkono aingie ni kazi ya watu wa nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo walimu wa Chuo Kikuu walianzisha mwaka 1996 mpango uitwao Tuseme, ambao huwafundisha wasichana wa shule za sekondari kuyasema matatizo yao wenyewe kwa njia ya maigizo. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika.

Huenda mtu akauliza: fedha zatoka wapi? Kutotafuta faida si kukataa fedha. Kundi laweza kupokea kiingilio kidogo, au mchango wa wafanya biashara, au gunia la mchele. Tofauti ni hii: kinachobaki hakigawanywi kwa wenye kundi, bali hununua ngoma, nguo za michezo na nauli ya safari ijayo. Kundi la biashara hucheza mahali palipo na fedha, na katika nchi ya dhahabu mahali hapo mara nyingi ni kilabuni, ambako mtoto wa shule na mama yake hawaingii. Kundi la mji hucheza uwanja wa shule, mchana, bila ukuta, ili mwenye jambo la kusema asizuiwe mlangoni. Hesabu zake husomwa mbele ya wanachama, maana kundi linalokemea wizi katika mchezo haliwezi kuficha daftari lake.

Basi, wana Buseresere, na ninyi jirani zetu wa Katoro, hatuna haja ya kungoja jumba. Ngoma zipo, watungaji wapo, uwanja upo, na jioni za kiangazi baada ya mavuno ni ndefu. Lililobaki ni watu kumi au kumi na wawili wenye subira ya kusikiliza kwanza, na viongozi wenye moyo wa kuketi chini pamoja na watazamaji, na kuulizwa maswali kama wengine.