MAJI TUNAYOKUNYWA: SI KILA MAJI MEUPE NI SALAMA



Ndugu wanafunzi na wazazi, katika somo la Twahara tunajifunza kwamba maji ya mvua, kisima, mto na chemchemi yanafaa kutawadhia, maadamu hayajabadilishwa na najisi rangi yake, harufu yake au ladha yake. Somo hili kila mwanafunzi analijua. Lakini wengi wetu tunakichukua kipimo hicho hicho na kukitumia kwa maji ya kunywa. Tukiona maji ni meupe na hayanuki, basi tunasema ni mazuri. Hapo ndipo panapohitaji maelezo. Maji yanaweza kusihi kwa udhu na bado yakamdhuru mnywaji, kwa sababu yapo madhara ambayo jicho, pua na ulimi haviyatambui. Na dini yetu imetukataza kujidhuru sisi wenyewe na kuwadhuru wengine.

KWA NINI MWILI UNAHITAJI MAJI

Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa binadamu ni maji. Maji husafirisha chakula katika damu, hutoa taka kwa njia ya mkojo na hupoza mwili kwa jasho. Mtu mzima huhitaji kama lita mbili kwa siku, na zaidi akilima au akichunga juani. Alama rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, mwili unadai maji. Katika mwezi wa Ramadhani tusingoje daku ndipo tunywe mengi kwa mkupuo. Tunywe kidogo kidogo tangu futari.

MADHARA YA KWANZA: VIJIDUDU

Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara huletwa na vijidudu vinavyotoka katika kinyesi na kuingia majini. Bwawa wanaloingia ng'ombe, kisima kisicho na mfuniko, kata inayotupwa chini kisha ikarudishwa mtungini, zote ni njia za vijidudu. Mafuriko huzidisha hatari. Walioona tope la Mlima Hanang lilivyoshuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023, na kuua watu zaidi ya 80, wanajua kwamba maji ya mafuriko hubeba kila yanachokikuta, vyoo vikiwemo.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaamrisha vyombo vifunikwe usiku. Mafundisho hayo ni kinga hadi leo.

Dawa ya vijidudu inajulikana. Maji yenye tope yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe. Yakianza kutokota yaachwe dakika moja, na sehemu za miinuko mirefu dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufikia joto la nyuzi 100. Anayekosa kuni atumie dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti. Njia nyingine ni kuyaweka maji maangavu katika chupa nyeupe ya plastiki na kuianika juani saa sita. Siku zikiwa za mawingu, iachwe siku mbili.

MADHARA YA PILI: MADINI YA FLORAIDI

Haya ndiyo yanayotuhusu zaidi watu wa ukanda huu. Nchi yetu ya Bonde la Ufa ina miamba iliyotokana na volkano, na maji yanayopita ndani yake huyeyusha madini yaitwayo floraidi. Ndiyo maana katika mikoa ya Manyara, Arusha, Kilimanjaro na Singida utawaona watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia.

Meno hayo si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Rangi hiyo huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, tangu mtoto anapozaliwa mpaka kama miaka minane. Likishaota, kulisugua hata kwa majivu hakuliondolei rangi. Kwa hiyo mwanafunzi anayemcheka mwenzake kwa meno yake anamcheka kwa maji aliyonyweshwa utotoni. Na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa: viungo hukakamaa na miguu huweza kupinda.

Chumvi ya Ziwa Balangida utaijua kwa ulimi. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kuitambulisha. Visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana, kimoja kikawa salama na kingine kikadhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania mwaka 1974 iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 vijijini kwa sababu ya shida ya maji, lakini sasa kiwango chetu nacho ni 1.5.

Tena tuzingatie sana: KUCHEMSHA HAKUONDOI FLORAIDI. Mvuke huenda zake, madini hubaki sufuriani, na maji yakipungua madini huzidi kukolea. Mama anayechemsha maji kwa bidii amewaua vijidudu, naye amefanya vyema, lakini jambo la pili bado limebaki.

TUFANYE NINI

1. Tuulize. Ofisi ya RUWASA ya wilaya ndiyo inayohusika na maji ya vijijini. Kamati ya maji iombe kisima kipimwe, na majibu yasomwe mbele ya wanakijiji.

2. Tuvune mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Mvua za kwanza zioshe bati, kisha tukinge, tufunike na tuchemshe kabla ya kunywa. Kwa wasio na uwezo wa tangi kubwa, hesabu ni hii: mtoto akinywa lita moja kwa siku, pipa moja la lita 200 linamtosha zaidi ya miezi sita. Basi maji ya mvua yawe ya watoto wadogo kwanza. Ya kisima yafulie na kuoshea.

3. Tupunguze magadi katika maharage na makande ya watoto, kwani magadi mengi ya ukanda huu yana floraidi nyingi.

4. Mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi sita. Maziwa hayo yana floraidi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji yenye nyingi.

5. Upo mkaa wa mifupa unaochuja floraidi, uliofanyiwa kazi katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha. Muislamu anayeutaka aulize mifupa imetoka kwa mnyama gani.

Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina, watu walipokuwa wakiuziwa maji yake, akakifanya wakfu kwa wote. Sisi hapa Hirbadaw tukichanga bati, mfereji na tangi moja la madrasa, tutakuwa tumepita njia hiyo hiyo, na watoto watakaoota meno miaka ijayo watafaidika.

Wabillahi tawfiq.