Ushahidi wa Nyungunyungu Katika Vumbi la Kale

Kusini kidogo ya mji wa Heidelberg, Ujerumani, kuna machimbo ya mawe ya chokaa huko Nussloch. Juu ya mwamba umelala udongo wa manjano iliyofifia, laini kama unga ukiusugua vidoleni, wenye kina cha karibu mita 20. Wanajiolojia huuita lesi. Haukuletwa na mafuriko. Ni vumbi lililorundikwa na upepo, sehemu kubwa katika enzi ya mwisho ya barafu.

Wakati huo maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda juu ya nchi kavu, hata bahari ikashuka kwa takriban mita 120. Baina ya Uingereza na Ufaransa watu wangeweza kupita kwa miguu. Mto Rhine nao ulitandaza tope katika bonde pana lisilo na miti. Tope likikauka, upepo unalizoa.

Ila ukuta wa machimbo hauna rangi moja. Manjano yanakatizwa mara kwa mara na mistari ya kijivu au kahawia. Kila mstari ni wakati ambao vumbi lilipungua, majani yakaota na udongo wenye uhai ukaanza kujijenga, kabla ya upepo kuufukia tena.

Mabadiliko kama hayo yalikuwa yamekwisha kuonekana kwenye barafu ya Greenland. Willi Dansgaard wa Denmark na Hans Oeschger wa Uswisi walibaini kwamba joto la huko liliruka ghafla, tena zaidi ya mara 20. Leo inakadiriwa kuwa kila mruko ulikuwa wa nyuzi 8 hadi 16 za selisiasi, ndani ya miongo michache tu. Huo ni muda unaotoshea katika maisha ya mtu mmoja! Na kila joto lilipopanda, vumbi ndani ya barafu lilipungua sana.

Je, mistari ya Nussloch ni ya nyakati hizohizo? Jibu lilihitaji tarehe, na waliozitoa ni nyungunyungu. Mnyoo huyu hutengeneza mwilini chembe za chokaa, ndogo za milimita moja au mbili, na kuziacha ardhini. Chembe hizo zina kaboni, kwa hiyo umri wake hupimika. Mwaka 2017 Olivier Moine na wenzake walichapisha vipimo vya chembe kutoka Nussloch: nyungunyungu walistawi hasa pale Greenland ilipopata joto. Kipindi kirefu cha joto kiliacha udongo wa kahawia ulioiva. Kifupi kiliacha ukanda mwembamba wa kijivu.

Wala si bonde la Rhine peke yake. Huko Stayky, kusini mwa Kyiv nchini Ukraine, lesi na udongo vimepangana kwa mfuatano unaofanana na huo, na umri wake unalingana na mirukoruko ya Greenland.