Je, Wajua? Mwalimu wa Ustawi wa Jamii Aliyefukuzwa Kwao

Alice Salomon, aliyezaliwa Berlin mwaka 1872, alipata shahada ya udaktari mwaka 1906 bila kuwa na cheti cha sekondari cha kumruhusu kuingia chuo kikuu. Tasnifu yake ilichunguza kwa nini wanawake hulipwa ujira mdogo kuliko wanaume, swali ambalo bado lina uzito wake hadi leo.

Mwaka 1908 alifungua shule ya ustawi wa jamii kwa wanawake huko Schöneberg, Berlin. Aliamini kuwa huruma peke yake haimsaidii maskini; anayekwenda kumhudumia sharti aelewe sheria, uchumi na afya. Mwaka 1929 akawa rais wa kwanza wa kamati ya kimataifa ya shule za fani hiyo, iliyozaa jumuiya inayoziunganisha shule hizo duniani mpaka sasa.

Wanazi hawakujali hayo. Kwa kuwa alitoka katika ukoo wa Kiyahudi, ingawa mwenyewe alikuwa Mkristo, walimnyang'anya nyadhifa zake, na mwaka 1937 polisi wa siri wakamlazimisha kuihama nchi. Alikuwa na miaka 65.

Uhamishoni New York aliandika maisha yake kwa Kiingereza, lakini hakupata mchapishaji. Alifariki mwaka 1948, muswada ukiwa haujachapwa. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka mwaka 1983, na Kiingereza chake mwenyewe kikasubiri hadi 2004. Leo nyaraka zinazohusu kazi yake zinatunzwa Schöneberg, katika hifadhi yenye jina lake.