Kufuli Ndani ya Kufuli: Somo la Kompyuta Pasipo Kompyuta

Mwanachuo anayepangiwa kufundisha habari za kompyuta katika shule isiyo na kompyuta hata moja huelekea kujaza ubao kanuni, na watoto wakazinakili. Hapa twaichukua kanuni moja iliyo ngumu, tuonyeshe jinsi inavyoweza kufundishwa kwa kiti kimoja, chaki na ufunguo wa kabati.

Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hugawa muda wa prosesa, yaani sehemu ya kompyuta itendayo kazi, baina ya kazi nyingi. Kazi mbili zikibadili orodha moja kwa pamoja, orodha huharibika. Kwa hiyo kila moja hufunga kufuli kwanza. Makufuli hayo ni ya namna mbili kubwa. Katika namna ya kwanza, kazi inayokuta kufuli limeshikwa hulala, na prosesa ikapewa kazi nyingine. Katika ya pili hailali: hubaki macho ikijaribu tena na tena, kwa kuwa kufuli hilo hushikwa kwa muda mfupi mno. Kanuni yasema kwamba aliyeshika kufuli la kulala aweza kuchukua la macho ndani yake, lakini aliyeshika la macho haruhusiwi kuchukua la kulala.

Sababu yake huonekana mchezoni. Kiti kiwe prosesa. Aketiye ndiye afanyaye kazi. Chaki iwe kufuli la macho, ufunguo uwe la kulala. Mtoto wa kwanza aketi, achukue chaki, kisha autake ufunguo ulio kwa mwenzake. Asipoupata, aende kulala nyuma ya darasa, chaki ingali mkononi. Wa pili aketi, naye aihitaji chaki. Huyu hawezi kulala wala kuondoka kitini. Mwenye ufunguo naye hapati kiti amalize kazi yake, aurudishe. Darasa lote limekwama.

Mwalimu asiharakishe kuwaokoa. Tulipoharakisha mara ya kwanza, watoto walikumbuka mchezo wakasahau sababu. Mara ya pili tuliwaacha watazamane, mpaka mmoja akapaza sauti: "Aliyelala ndiye mwenye chaki!"

Makufuli mawili ya namna moja yataka kanuni nyingine: wote wayachukue kwa utaratibu ule ule. Tangu mwaka 2006 Linux ina chombo cha kuukagua utaratibu huo, nacho huonya hata kabla kazi hazijakwama.

Mtoto mwerevu aweza kuuliza kama kufuli la macho laweza kulala. Asikemewe. Katika Linux iliyopangwa kwa kazi zisizovumilia kuchelewa, mpango ulioingizwa rasmi katika kiini mwaka 2024, kufuli la macho la kawaida hugeuka la kulala. Lipo la tatu, lililo ghafi, lisilolala kamwe. Hilo huchukuliwa ndani ya mengine yote, wala ndani yake halichukuliwi lolote lenye kulala. Hayo yasiandikwe katika andalio la somo, bali mwalimu awe nayo kichwani.