Hela za TFF zinatoka wapi?

Siku Mbeya City au Prisons wanacheza Sokoine, daladala za kutoka Uyole zinajaa, na ndani yake hoja moja haikosekani: "TFF wana mahela, wanatubania tu." Haya, tuiangalie kwa tarakimu.

Kwanza, TFF si kampuni. Haina wanahisa wala haigawi faida. Ni chama, kinachosimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Hadi 2004 kilikuwa kinaitwa FAT, na zama hizo tegemeo kubwa lilikuwa viingilio vya mlangoni. Simba na Yanga wakijaza uwanja, chama kinapumua. Mvua ikinyesha, basi tena.

Halafu FIFA wakaja na mzigo. Kuanzia 1999 kila chama mwanachama kilitengewa dola 250,000 kwa mwaka. Mwaka 2016 mpango wa Forward ukaipandisha hadi dola 1,250,000. Mzunguko wa 2019 hadi 2022 ulikuwa dola milioni 6, na huu wa 2023 hadi 2026 ni milioni 8: tano za uendeshaji, tatu za miradi.

Ila hela hiyo ina kamba mguuni. Ya miradi haitoki mpaka FIFA waridhie mradi wenyewe, na sehemu ya ile ya uendeshaji inategemea masharti, kama vile kuwa na ligi ya wanawake na ya vijana. Kila mwaka wakaguzi wanapita. Kwa hiyo anayetaka TFF ichote humo ilipe mishahara ya Mbeya City anaomba kisichowezekana.

Hela ya klabu iko kwingine, kwenye televisheni na udhamini. Udhamini unayumba: msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ilichezwa bila mdhamini mkuu baada ya Vodacom kuondoka. Televisheni imetulia zaidi. Mei 2021 Azam walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Gawanya kwa kumi, unapata wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Hazigawanywi sawasawa, nafasi kwenye msimamo inahesabika, lakini sasa unaona kwa nini Mbeya City kushuka daraja 2023 kuliuma kuliko aibu ya matokeo. Ukishuka, fungu la Ligi Kuu unaliaga. Wamekaa huko chini misimu miwili, wakarudi msimu wa 2025/26.

Mimi naona hoja ya daladala ina ukweli nusu. Hela imeongezeka kweli, tena sana. Tatizo ni kwamba sisi huku hatujui iliyofika mkoani ni shilingi ngapi na imefanya nini. Hesabu husomwa kwenye mkutano mkuu wa TFF, na vyama vya mikoa, MREFA wetu akiwemo, vina wajumbe wenye kura mle ndani. Wakirudi Mbeya, tuwaombe ile karatasi ya hesabu, tuisome wenyewe.